Bando tunalo, kichinjio (kadi ya mpiga kura) hatuna: intaneti inaongeza wapiga kura au inawapunguza?

#1 MtotoWaKasulu (mleta uzi)

Wakuu salaam, na wenye kustahili shikamoo nawaamkia.

Uchaguzi ukikaribia huku kwetu, iwe Dar, Nairobi au Kampala, linarudi neno lilelile: "safari hii vijana wameamka, we angalia tu mitandaoni." Kura zikihesabiwa, hao walioamka unawatafuta kwa tochi. Leo tuliweke jambo hili mezani kwa namba. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke akasome michezo.

Naanza na Kenya, kwa sababu takwimu zao zinapatikana na vijana wao ndio wanaosifiwa kuliko wote ukanda huu kwa moto wa mtandaoni.

Mwaka 2013 daftari lilikuwa na majina kama milioni 14.3, na asilimia 86 wakapiga kura. Agosti 2017 majina yakafika milioni 19.6, waliojitokeza wakawa chini kidogo ya asilimia 80. Agosti 2022 majina milioni 22.1, waliojitokeza asilimia 65. Miaka tisa hiyo ndiyo simu janja zilipoenea, bando likawa rahisi, WhatsApp ikaingia kila familia na TikTok ikafuata. Mstari wa intaneti unapanda, wa kura unateremka.

Kuna jingine linalouma zaidi. Tume yao ilipoanza kusajili kwa wingi Oktoba 2021 ililenga wapiga kura wapya milioni 6. Ikapata kama milioni 1.5. Ikarudia Januari 2022 kwa lengo la milioni 4.5, ikaambulia milioni moja na kidogo. Mwishowe wenye miaka 18 hadi 34 walikuwa chini kidogo ya asilimia 40 ya daftari, na idadi yao ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 5 ukilinganisha na 2017. Yaani kizazi kilichozaliwa na simu mkononi ndicho kilichopungua, na kilipungua kwenye uchaguzi ulioamuliwa kwa tofauti ya kura 233,211 kati ya Ruto na Raila.

Hoja yangu ni hii: intaneti imeshusha gharama ya kusema, gharama ya kupiga kura imebaki palepale. Kusema kunataka kidole gumba na bando la jero. Kura inataka kitambulisho, siku ya kwenda kujiandikisha, kurudi ulikojiandikishia hata kama ulishahama, kisha foleni. Na mtu akishatema nyongo mtandaoni, moyo unatulia. Anajiona kashatimiza wajibu.

Karibuni tuchambue. Matusi hapana.

#2 Chapa_Lapa

Nipo pembeni na kahawa na kaimati zangu, nasubiri wachumi wafike.

#3 Bwana_Hesabu

Mkuu Kasulu, uzi mzito, ila hizo asilimia zako zina mtego.

Daftari la Kenya la 2013 lilikuwa jipya kabisa, liliandikwa mwishoni mwa 2012 kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Aliyepanga foleni wakati ule ni mtu mwenye kiu ya kura. Mwenye uvivu hakuandikwa, kwa hiyo hakuhesabiwa. Lazima asilimia itoke kubwa. Daftari likizeeka linabeba waliohama, waliokata tamaa, hata marehemu: ukaguzi uliofanywa kabla ya kura ya 2022 ulikuta majina ya waliofariki zaidi ya laki mbili. Hao hawaji kituoni hata uwape bando la mwaka mzima.

Angalia na nyumbani. Tanzania 2010 walijitokeza kama asilimia 43. Mwaka 2015, daftari jipya la alama za vidole, asilimia 67. Mwaka 2020, daftari lilelile limeboreshwa, asilimia 51 hivi. Sasa niambie, 2010 nani alikuwa na TikTok? Mwaka ambao mtandao ulikuwa wa watu wachache ndio kura zilikuwa haba kuliko miaka yote hiyo. Ukiitia intaneti hatiani kwa 2020, itoe hatiani kwa 2010.

#4 MtotoWaKasulu

Mtego nimeuona, nakubaliana na wewe kuhusu 2013. Ila acha asilimia, hesabu vichwa. Kenya Agosti 2017 walipiga kura zaidi ya watu milioni 15. Mwaka 2022 walikuwa milioni 14.3. Daftari limeongezeka majina milioni 2.5, kura zimepungua. Marehemu laki mbili hawawezi kubeba lawama yote hiyo.

Kuhusu Tanzania 2015, jibu liko kwenye mabango ya mwaka ule. Lowassa alikuwa upande wa upinzani, vyama vya muungano wa Ukawa wamesimama pamoja, na Magufuli alishinda kwa asilimia 58. Watu waliona kura yao ina uzito. Mwaka 2020 mshindi alipata asilimia 84. Mtu anaiona mechi imekwisha kabla ya filimbi, atapanga foleni ya nini?

#5 Bwana_Hesabu

Hapo umenisaidia kujenga hoja yangu. Ushindani unaleta watu, mtandao ni mpiga debe tu. Ila Kenya 2022 mchuano ulikuwa mkali kuliko mwaka wowote na bado watu wakapungua. Kwa hiyo kuna kitu cha tatu ambacho mimi na wewe hatujakitaja.

#6 Komredi_Mstaafu

Kitu cha tatu ni nauli. Niulizeni mimi.

Makarani walikuja chuoni na mashine zao, tukasajiliwa pale chini ya mti, dakika chache tu, tukapiga na picha. Siku ya kura tarehe 9 Agosti 2022 chuo kimefungwa, mimi niko kwetu Busia. Kura yangu iko Bonde la Ufa. Nauli ya kwenda na kurudi, na mahali pa kulala, kwa mtu ambaye mkopo wake wa elimu uliisha Mei? Siku hiyo nilishinda kwenye simu nikijumlisha matokeo kama wakala mkuu wa kitaifa. Mtu akiangalia simu yangu atasema huyu kijana ameshiriki uchaguzi kweli kweli. Akiangalia daftari, sikuonekana.

#7 Sumbawanga_Kwetu

@Komredi, si huko tu. Sisi 2015 vyuo vilikuwa vimefungwa siku ya kura, na wengi tulijiandikishia kule kule chuoni. Nilikuwa na kichinjio mfukoni kinang'aa, na kituo changu kiko mikoa mitatu mbele. Niliishia kuwasindikiza wazazi.

#8 Karani_wa_Milimani

Nimekuwa nikisoma tu, acha niseme kidogo nilichokiona.

2022 nilikuwa karani kwenye kituo cha shule ya msingi, eneo la mashamba ya chai. Kituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri, giza totoro na baridi ile mnayoijua, foleni ipo tayari: wazee, na akina mama wamejifunga leso. Hawana habari na hashitegi yoyote. Wa kwanza kufika mezani kwangu alikuwa bibi mmoja, kitambulisho amekifunga ndani ya kitambaa. Kile kifaa cha kumtambua kikakataa kidole gumba. Kikakataa cha shahada. Mchuma chai vidole vyake husuguliwa na majani mpaka mistari inafutika. Nikampangusa kwa kitambaa chenye maji, tukajaribu vingine, vikagoma. Ikabidi nimtafute kwa namba ya kitambulisho, mawakala wa vyama washuhudie, tujaze Fomu 32A. Nyuma watu wanaguna. Bibi hakutikisika. "Jaribu tena mjukuu wangu, mimi sina haraka."

Vijana walianza kuonekana saa nane, saa tisa. Wengine walifika getini, wakaitazama foleni, wakajipiga picha, wakageuka. Mmoja aliniuliza kama anaweza kupigia kura pale naye amesajiliwa Rongai. Nikamwambia jina lako liko Rongai, na kura yako iko Rongai. Alikuwa amekuja kumsalimia mamake.

Kwa hiyo mimi naona mnazungumzia vitu viwili kwa jina moja. Yupo asiyetaka, na yupo anayetaka ila jina lake liko mbali naye. Mtandao unawafanya wote wawili wapige kelele sawasawa, usiweze kuwatofautisha.

#9 Chapa_Lapa

Karani ametoa mhadhara kwa bei ya bure. Hiyo ya kujipiga picha na foleni nyuma kisha unarudi kulala nimeiona kwa macho yangu mtaani kwetu, na akaandika "nimetimiza haki yangu". 😂

#10 Mama_Tumaini

Wanangu, mnausema mtandao kama kitu kimoja. Kuna mtandao wa kubishana na kuna mtandao wa kupanga mambo.

Kikundi chetu cha vikoba Mwanza tulikuwa na kundi la WhatsApp 2015. Siasa ilikuwa marufuku mle, maana tungegombana na fedha zetu ziko pamoja. Lakini Jumamosi usiku mwenyekiti aliandika: kesho baada ya ibada ya kwanza, nani anakwenda na nani? Nani anabaki na watoto? Aliye kata nyingine aseme mapema. Tukapangana kama tunavyopangana msibani. Jumapili kila mmoja akatuma picha ya kidole chenye wino. Aliyenyamaza alipigiwa simu. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kampigia nani. Nadhani wote tulipiga, isipokuwa mmoja aliyekuwa ametoka kujifungua.

Hakuna hoja hata moja iliyojadiliwa kwenye kundi lile, na watu wakaenda.

#11 Bwana_Hesabu

Shikamoo Mama Tumaini. Ulichoeleza kina utafiti wake, tena mkubwa mno.

Novemba 2010, siku ya uchaguzi wa bunge la Marekani, Facebook iliwafanyia majaribio watumiaji wake milioni 61. Kundi kubwa liliona ujumbe wa kuhimiza kura pamoja na picha za nyuso za marafiki zao waliokwisha kubonyeza kwamba wamepiga. Kundi dogo liliona ujumbe uleule bila nyuso. Wengine hawakuona chochote. Watafiti wakalinganisha na kumbukumbu halisi za wapiga kura. Ujumbe usio na nyuso haukusogeza mtu. Wenye nyuso ulisogeza, na makadirio yao ni kura 340,000 za ziada nchi nzima, nyingi zikitoka kwa marafiki wa waliouona kuliko kwa waliouona wenyewe.

Kwa hiyo kilichofanya kazi ni "jirani yako ameshakwenda". Vikoba vya Mwanza vilikigundua bila maabara.

Huku kwetu Afrika, Msumbiji 2009, watafiti walijaribu elimu ya uraia, gazeti la bure na namba ya kutuma SMS kuripoti matatizo ya uchaguzi. Waliojitokeza wakaongezeka kwa karibu asilimia 5 kwenye maeneo yale. Hiyo ni simu ya kitochi, si simu janja.

#12 MtotoWaKasulu

Bwana Hesabu, ongeza na ile ya Kenya 2013, maana hiyo ndiyo iliyonitoa usingizini mimi.

Tume ya Kenya iliwatumia watu karibu milioni 2 jumla ya SMS milioni 11 siku chache kabla ya kura. Za kuhimiza, za kueleza namna ya kupiga, na kadhalika. Waliojitokeza waliongezeka, lakini kidogo sana. Kisha likatokea lisilotarajiwa: baada ya uchaguzi, waliopokea SMS waliiamini tume PUNGUFU kuliko wasiopokea. Kwa nini? Siku ya kura vifaa vya kutambua wapiga kura viligoma vituo vingi, na mfumo wa kutuma matokeo ukakwama, ikabidi wajumlishe kwa karatasi. Aliyeahidiwa mengi kwenye simu ndiye aliyevunjika moyo zaidi.

Nafikiri hapa ndipo kuna kile kitu cha tatu. Imani. Mtandao unakualika kwenye shughuli, halafu mtandao huohuo unakuonyesha jikoni wanavyopika. Ukiona uchafu, mara nyingine huji tena.

#13 Moto_wa_Juni

Sasa nimengoja mmalize kutusema, naomba nafasi.

Mnasema kizazi chetu kinaishia kwenye skrini. Juni 2024 hapa Kenya mswada wa fedha tuliusoma TikTok, tukautafsiri kwa lugha za nyumbani, tukachanga pesa za hospitali na za mawakili kwa simu, tukaelezana barabara ipi ina polisi. Tarehe 25 tukafika Bungeni. Tarehe 26 rais akasema hatausaini. Wenzetu walikufa. Kwa hiyo ile ya kwamba mtandao hautoi mtu nyumbani, ifute kabisa. Kutoka siku ile kulikuwa na gharama kubwa kuliko foleni yoyote ya kura.

Mkitaka kujua kwa nini kura ni kitu kingine, anzeni hapa: kutoka Januari 2023 hadi Julai 2025 tume ya uchaguzi haikuwa na mwenyekiti wala makamishna. Miaka miwili na nusu. Viti vya ubunge vilibaki wazi bila chaguzi ndogo. Usajili wa kila siku ulirudi Septemba 2025. Hiyo hasira yote ya 2024 ilikosa mahali pa kuandikwa. Unamwambia kijana "hasira yako ipeleke kwenye debe", debe lenyewe halina mwenyewe.

#14 Karani_wa_Milimani

@Moto_wa_Juni pole kwa wenzako. Hilo la tume kuwa tupu nakuunga mkono mia kwa mia.

Ila nikukumbushe upande mzuri wa 2022 ambao watu wameusahau upesi. Fomu 34A, yaani za matokeo, za vituo vyote, elfu arobaini na sita na zaidi, ziliwekwa wazi mtandaoni. Yeyote mwenye bando aliweza kufungua fomu ya kituo chake na kulinganisha na ile iliyobandikwa mlangoni. Vijana walikesha wakijumlisha wenyewe. Mimi nilitafuta fomu niliyosaini, nikaikuta na mwandiko wangu mbaya uleule. Kwa mara ya kwanza nilihisi kazi yangu haijapotea njiani.

#15 Moto_wa_Juni

Ni kweli, na bado makamishna wanne wakatoka nje kusema hawayatambui matokeo. Sasa raia aamini fomu au aamini makamishna?

Wapo waliosema fomu zimewatuliza. Wapo waliosema wakubwa wenyewe hawaaminiani, mimi ni nani. Jamaa zangu wengi wako kundi la pili.

#16 MtotoWaKasulu

Moto, umenisogeza. Narekebisha sentensi yangu kidogo: mtandao unamtoa mtu nyumbani pale anapoona jibu litakuja wiki hii. Mswada una tarehe, adui ana jina, na ukitoka unawakuta wenzako. Kuna utafiti uliopima nchi nyingi za Afrika ukakuta vivyo hivyo: simu zinapoenea, maandamano huongezeka hasa uchumi unapobana. Kura ni ya miaka mitano, na kazi yake kubwa, kujiandikisha, inafanyika wakati ambao hakuna aliyekasirika. Mwezi wa usajili hauna hashitegi.

#17 Doha_kwa_Muda

Mmetusahau sisi wa Ghuba. Mkifungua mjadala wowote wa siasa za Kenya usiku wa manane, sauti nusu zinatoka huku. Sasa hesabuni: 2022 Wakenya wa ughaibuni waliosajiliwa kote duniani walikuwa 10,443. Nchi kumi na mbili tu ndizo zilizokuwa na vituo. Qatar na Emirati zilikuwemo. Saudia, walikojaa dada zetu wa kazi za nyumbani, haikuwemo kabisa.

Hata hapa penye kituo, kusajiliwa ni kwenda ubalozini mwenyewe. Dada anayefanya kazi za ndani Ijumaa moja akiipata ni bahati. Na 9 Agosti ilikuwa Jumanne. Umwambie bosi naomba ruhusa nikamchague rais? Atakuuliza wa nchi gani.

Na sisi tungalau tuna hicho. Rafiki zangu Watanzania huku hawapigi kura kabisa mpaka wapande ndege.

#18 Baridi_ya_Baltiki

Nimesubiri mtu aseme "basi tupige kura kwa simu yaishe". Naona bado, niseme mimi kabla hajatokea, maana naishi jirani na wanaofanya hivyo.

Estonia wanapiga kura kwa intaneti tangu 2005. Wana kitambulisho chenye chipu, unapiga ukiwa kitandani, ukibadili mawazo unapiga tena na inahesabiwa ya mwisho. Mwaka 2007, uchaguzi wa bunge wa kwanza kwa njia hiyo, kura za mtandaoni zilikuwa kama asilimia 5 ya kura zote, na waliojitokeza jumla walikuwa asilimia 62. Mwaka 2023 zaidi ya nusu ya kura zilikuwa za mtandaoni. Waliojitokeza? Asilimia 63 na nusu.

Miaka kumi na sita, foleni imehamia kwenye simu, na watu ni walewale.

#19 Chapa_Lapa

Kwa hiyo hata kitandani hawapigi. Binadamu bwana.

#20 MtotoWaKasulu

@Baridi_ya_Baltiki hiyo inanipa shida, nakiri. Ningekuwa sahihi kwamba gharama ndiyo kila kitu, Estonia wangefika 80. Labda kwao gharama ilikuwa ndogo tangu mwanzo: nchi ndogo, kituo kiko karibu, hakuna anayesajiliwa upya. Kwa mdogo wetu Komredi mwenye kura Bonde la Ufa na mwili Busia ingekuwa habari nyingine. Lakini siwezi kulithibitisha hilo kwa namba za Estonia, kwa hiyo naliacha.

#21 Bwana_Hesabu

Niongeze la Italia, kisha nikalale.

Intaneti ya kasi ilipoanza kuingia wilaya moja moja kule, wachumi walipima: mwanzoni, mpaka 2008 hivi, palipoingia waya wapiga kura walipungua. Ujerumani nako walikuta mfano wa hayo. Kabla ya hapo ulikuwa ukikaa na televisheni, taarifa ya habari inakukuta hata hukuitafuta. Intaneti ikakupa njia ya kuikwepa siasa siku nzima. Wengine wakazama kwenye siasa zaidi, wengi wakazama kwenye mengine.

Halafu Italia ikageuka. Likatokea vuguvugu la Beppe Grillo, mchekeshaji, lililoanzia kwenye blogu na mikutano ya mitaani iliyopangwa mtandaoni. Mwaka 2013 likapata kura moja kati ya kila nne. Waliokuwa wamepotelea kwenye intaneti wakarudi kupiga kura, kwa sababu sasa kulikuwa na chama kinachowafuata walipo.

Ila msishangilie mapema. Nigeria 2023 vijana walimuunga mkono mgombea urais Peter Obi mitandaoni kwa namna ambayo Afrika haijawahi kuiona. Akachukua Lagos, si mchezo. Lakini kitaifa, kwenye daftari la zaidi ya watu milioni 93, walijitokeza kama asilimia 27, chini kuliko uchaguzi wowote tangu 1999. Moto ulikuwa mkali ulipokuwa, na sehemu kubwa ya nchi haikuhisi hata joto.

#22 Kijiwe_cha_Ubungo

Mbona mnazunguka? Oktoba 29, 2025 hapa kwetu Tanzania intaneti ilizimwa siku yenyewe ya kura, ikarudi siku kadhaa baadaye. Tume ikatangaza waliojitokeza asilimia 87. Chora grafu yako sasa mkuu Kasulu, intaneti sifuri, kura 87. Na waangalizi wa Umoja wa Afrika nao walisema yao kuhusu uchaguzi ule, mnayajua.

#23 Msimamizi

Kijiwe, uchaguzi wa 2025 una uzi wake, tafadhali tubaki kwenye mada. Michango inayofuata ya aina hiyo itahamishwa.

#24 MtotoWaKasulu

Nitajibu kwa mstari mmoja bila kutoka kwenye mada: grafu inahitaji namba ambazo pande zote zinaziamini, na intaneti ikizimwa kinachokufa kwanza ni uwezo wa raia kuzihakiki. Fomu alizosimulia Karani zingewekwa wapi?

Niseme na la daftari letu. Kwenye uboreshaji ulioanzia Kigoma Julai 2024, mkoa wangu huo, tume ilikuwa na mfumo wa kuanza kujaza taarifa zako mtandaoni, kisha unakwenda kituoni kumalizia. Wadogo zangu waliutumia kuhamisha taarifa kutoka Dodoma. Hakuna aliyewahi kuusifia popote. Video za kubishana zinaangaliwa na malaki, ukurasa wa kuhamisha jina lako hata hauna muziki.

#25 Komredi_Mstaafu

Sasa mzee Karani, nikuulize la maana. Jina langu bado liko kule chuoni. Siku hizi nakaa Ruaka. Nahamishaje, na kuna malipo?

#26 Karani_wa_Milimani

Malipo hakuna, akikuomba mtu pesa mripoti. Unakwenda ofisi ya tume ya eneo bunge unalokaa SASA, si kule la zamani. Ruaka ni Kiambaa. Beba kitambulisho chenyewe, si picha kwenye simu. Unajaza fomu, wanachukua alama za vidole, wanakupa karatasi ya kuthibitisha, itunze. Ofisi ni za siku za kazi, kwa hiyo omba ruhusa mapema. Na usingoje mwaka wa uchaguzi, kuna tarehe ambayo daftari hufungwa, na foleni ya wiki ya mwisho utaijutia.

#27 Mama_Tumaini

Unakwenda siku gani mwanangu? Sema siku.

#28 Komredi_Mstaafu

Shikamoo mama. Alhamisi nina ofu.

#29 Chapa_Lapa

Ofu yangu pia Alhamisi, na mimi niko hapo Banana, kura yangu iko Kisii tangu 2017. Tukutane steji saa tatu. Utanitambua kwa lapa.